Riwaya Isiyojua Kutua

Ukurasa wa kwanza wa Insurgent unashika kuliko ukurasa wowote wa Divergent, riwaya iliyoitangulia. Tris Prior anaamka ndani ya behewa la treni, na kitu cha kwanza kumjia mdomoni ni jina la marehemu. Ni Will, rafiki yake, ambaye Tris mwenyewe alimpiga risasi siku hiyohiyo. Kabla hajafumbua macho anamwona akianguka tena. Veronica Roth anaandika hapa kwa sentensi fupi, nyingine zimebaki neno moja, na hajishughulishi kumkumbusha msomaji nani ni nani. Yupo mfiwa, na mfiwa ndiye aliyeua.

Mwandishi anayefungua hivyo anakuwa amejifunga. Ametuambia kwamba kitabu hiki, tofauti na kile cha kwanza, kitahusu kile ambacho vita humwachia aliyebaki hai. Nimekisoma nikiishikilia ahadi hiyo, na ndiyo maana nakihukumu kwa ukali. Wazo la Insurgent ni zito, zito kuliko la kitabu cha kwanza. Kilichoiangusha ni fani. Maombolezo yanahitaji mahali pa kukaa, na riwaya hii haijui kutua.

Kitabu kilitoka 2012, katikati ya Divergent (2011) na Allegiant (2013). Mahali ni Chicago, miaka mingi baada ya maangamizi ambayo wakazi wake hawayajui vizuri. Jiji limezungushiwa uzio, sehemu ya ziwa imekuwa kinamasi, na watu wamegawanywa katika makundi matano kwa tabia ambayo kila kundi linaamini ndiyo kinga ya vita. Abnegation wanajinyima, Amity wanatafuta amani, Candor wanasema kweli bila kuficha, Dauntless wanatukuza ushujaa, Erudite wanatukuza elimu. Asiyepata nafasi kokote anaishi pembezoni, hana kundi. Akili ya Tris haikai ndani ya kundi moja, na kwa sababu hiyo dawa zinazowatawala wengine hazimshiki sawasawa. Mwisho wa kitabu cha kwanza, Jeanine Matthews, kiongozi wa Erudite, amewageuza askari wa Dauntless kuwa wauaji wasiojitambua kwa njozi za dawa. Will alikuwa mmoja wao, alikuwa na bunduki, na alikuwa akimlenga Tris. Wazazi wote wawili wa Tris wamekufa.

Fani ya Divergent ilikuwa nyepesi lakini imara. Ni hadithi ya jando. Upo mtihani, ipo siku ya kuchagua kundi mbele ya wazazi, kisha yapo mafunzo ya hatua tatu, na ubao wa matokeo unaoonyesha nani amepanda na nani ameshuka. Kila sura ina jaribio lake, kila jaribio lina matokeo yake, na msomaji anajua muda wote amefika wapi. Usimulizi wa nafsi ya kwanza katika wakati uliopo ulikaa mahali pake kabisa, kwa kuwa mwali hajui kinachokuja kesho. Analijua tu jaribu lililo mbele yake, na msomaji anabanwa humo pamoja naye. Aina ya hadithi, nafsi ya msimulizi na wakati wa vitenzi, vyote vilivuta upande mmoja.

Kitabu cha pili kimerithi sauti ileile bila kurithi nguzo zilizoibeba. Mafunzo yamekwisha, ubao wa matokeo haupo, na Roth hakuweka kingine pale ulipokuwa. Alichoweka ni mwendo.

Hebu tuifuate njia yenyewe. Treni inamshusha Tris kwa Amity, mashambani nje ya uzio. Anakaa kidogo, askari wanakuja, anakimbia. Anarukia treni iliyojaa watu wasio na kundi, na huko anakutana na Evelyn, mama yake Tobias, mpenzi wa Tris; Evelyn huyu Tris aliamini amekufa. Anaondoka. Anafika makao ya Candor, anahojiwa, panashambuliwa, anaondoka. Anarudi kwa Dauntless, mambo yanaharibika, anaondoka usiku kwenda kujisalimisha kwa Erudite. Anaokolewa, anakwenda tena kwa wasio na kundi, anakwenda tena kwa Amity, anarudi tena kwa Erudite kwa vita ya mwisho. Sura 47, na karibu kila mahali panafuata mpangilio mmoja: mlango mpya, desturi za wenyeji, dawa yao maalumu, shambulio, kukimbia.

Urudiaji wenyewe si dosari. Ngano zetu zinaishi kwa urudiaji. Wimbo unaimbwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hadhira inausubiri. Lakini fundi wa ngano anajua kwamba kila wimbo unaporudi, zimwi liko karibu zaidi, au mtoto amechoka zaidi, au kuna neno moja limebadilika. Katika Insurgent zimwi liko umbali uleule. Ukiliondoa shambulio la Amity ukaliweka kwa Candor, mhimili wa hadithi hautikisiki. Hilo ndilo jaribio ninalolitumia kuupima msuko: je, matukio yanazaana, au yamepangwa foleni tu? Hapa mengi yamepangwa foleni.

Anayeumia zaidi kwa mpangilio huo ni msiba uliofungua kitabu. Tris hawezi tena kushika bastola. Kila silaha inapomjia mkononi, vidole vinakataa, pumzi inakatika, uso wa Will unarudi. Mara ya kwanza tunaumia naye, kwa kuwa Roth ameiweka hatia mwilini kabla ya kuiweka kwenye maneno, na huo ni uandishi wa kweli. Lakini taswira hiyo inarudi tena na tena ikiwa na umbo karibu lilelile, kwa sababu kati ya tukio moja na jingine msimulizi hapewi muda wa kufikiri. Anapotaka kukaa na jambo lake, mlango unavunjwa. Hapo ndipo wakati uliopo, uliokuwa rafiki wa kitabu cha kwanza, unageuka mzigo. Msimulizi wa wakati uliopo ana macho makali na kumbukumbu fupi. Anaweza kuhisi pigo, lakini kupima pigo hilo lilimfanya nini kunataka umbali, na umbali hauwezi kupatikana kwa mtu anayekimbia tangu sura ya kwanza. Roth hakuacha hata siku moja kati ya vitabu viwili. Treni iliyofunga Divergent ndiyo treni inayofungua Insurgent.

Inafaa kuisogeza karibu riwaya nyingine ya katikati, Catching Fire ya Suzanne Collins, iliyotoka 2009. Nayo inasimuliwa na msichana kijana kwa nafsi ya kwanza katika wakati uliopo, katika nchi iliyobaki baada ya maangamizi. Nayo ilitoka mwaka mmoja tu baada ya kitabu kilichoitangulia, kwa hiyo ufupi wa muda hauwezi kuwa udhuru wa mwandishi mmoja usiwe wa mwingine. Tofauti ni kwamba Collins anaanza miezi sita baada ya mashindano ya kuuana ya kitabu chake cha kwanza. Katika miezi hiyo, alichokifanya Katniss, msimulizi huyo, kimeota mizizi mahali ambapo yeye hakuwepo. Anapofika Wilaya ya 11, kwao Rue, msichana aliyeuawa katika mashindano hayo na Katniss akamwomboleza, mzee mmoja katika umati anapiga mluzi ule wimbo wa Rue, na baada ya muda mfupi mzee huyo anauawa kwa risasi. Maombolezo ya kitabu cha kwanza yamezaa kifo katika kitabu cha pili. Katniss hakurudiwa na taswira ya Rue tu. Taswira hiyo imetoka kichwani mwake na kuingia duniani. Mwandishi wa kitabu cha katikati ana neema hii ambayo mwandishi wa kitabu cha kwanza hana: anaweza kuandika matokeo. Tris alimuua Will, na ulimwengu mzima wa Insurgent unaendelea karibu kama vile jambo hilo lilitokea ndani ya fikra zake peke yake.

Nimesema karibu, kwa sababu ipo mara moja ambapo haiko hivyo, na ndipo kitabu kinapofikia kilele chake. Candor, watu wa kusema kweli, wana dawa inayomlazimisha mtu aseme. Tobias na Tris wanahojiwa hadharani. Tobias anatangulia, na anayotoa kifuani kuhusu baba yake yanamuumiza yeye na anayesoma. Kisha zamu ya Tris inafika. Kwa kuwa akili yake inaweza kushindana na dawa, ana nafasi ya kuficha. Anaihisi dawa ikimvuta, anaishindania, halafu anaamua kusema: ndiye aliyemuua Will. Miongoni mwa wanaosikiliza yuko Christina, mpenzi wa Will.

Tazama jinsi fani inavyokaa sawa hapa. Mtindo ni wa swali na jibu, kwa hiyo msimulizi hawezi kukimbia, amesimama mahali pamoja. Umati upo, kwa hiyo hatia inatoka kifuani na kuwa tukio la jamii. Dawa ipo, lakini haimwamulii, na hivyo kauli yake inakuwa ya hiari ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya kulazimisha watu. Wakati uliopo nao unarudi kuwa na kazi, kwa kuwa tunasubiri kila neno pamoja na yeye anayejiuliza kama alitamke. Eneo hili lingeweza kuwa shina la riwaya nzima. Christina angekaa mbele yetu kwa muda mrefu akiwa na hasira yake, na Tris angelazimika kuishi ndani ya macho ya huyo rafiki. Tobias naye amechukizwa kwamba hakuambiwa mapema, na chuki hiyo ina haki. Kurasa chache baadaye, wasaliti wa Dauntless, walioungana na Jeanine, wanavamia jengo. Nilipofika hapo nilisikitika kweli, kwa kuwa risasi zile zimekuja kumwokoa mwandishi, zimemwondolea mazungumzo magumu.

Suala la dawa linastahili kuangaliwa kwa jumla. Kila kundi lina yake. Ya Candor inatoa ukweli, ya Dauntless inaamsha hofu, ya Amity inaleta utulivu na ya Erudite inatawala mwili. Roth ana hazina hapa, jamii inayotia hisia ndani ya watu kwa sindano. Katikati ya jamii hiyo kuna msichana ambaye huzuni yake haikutiwa na mtu yeyote na haitolewi na sindano yoyote. Mgongano huo ungeweza kubeba kitabu kizima. Lakini dawa zinaingia kama sifa za mahali na kutoka tunapotoka mahali hapo. Kwa Amity, Tris anachomwa dawa ya amani baada ya kupigana na Peter, aliyekuwa naye mafunzoni, na kwa muda anacheka na kuelea, msiba wote umefutika. Ni tukio la kutisha kama likiangaliwa vizuri, mfiwa kuporwa kilio chake kwa wema. Riwaya inalipitia kwa haraka, zaidi kwa kuchekesha.

Mkate wa Amity pia umetiwa dawa hiyo kidogokidogo. Catching Fire nayo ina mkate, na kulinganisha mikate hii miwili kunaonyesha mengi kuhusu ufundi wa taharuki. Katniss yuko tena uwanjani mwa mashindano na hajui kwamba wenzake wamepanga kumtoa. Collins haifichi siri hiyo kwa kuwanyamazisha wahusika tu, anaizika ndani ya vitu. Mikate inayotumwa uwanjani inahesabiwa mbele ya macho ya Katniss, na mwisho tunaambiwa kwamba wilaya ilikotoka ilitaja siku na idadi yake ilitaja saa ya uokoaji. Kabla ya hapo, kwenye sherehe, Plutarch Heavensbee, msimamizi mkuu wa mashindano, alimwonyesha saa yake, na picha ya ndege aitwaye mockingjay ilitokea juu ya kioo chake na kutoweka. Uwanja wenyewe unagunduliwa kuwa saa, umegawanywa vipande 12, kila kimoja na hatari yake kwa zamu yake. Msomaji akirudi nyuma anakuta kila kitu kilikuwa mezani. Mkate wa Insurgent unatuambia jambo zuri kuhusu Amity, lakini haufungui mlango wowote wa msuko.

Siri ya Insurgent inashughulikiwa kwa njia nyingine, na njia hiyo inachosha. Mapema kabisa, kwa Amity, Tris anasikiliza kwa siri Marcus, baba yake Tobias, akimweleza Johanna Reyes, msemaji wa Amity, kwamba Jeanine alishambulia kwa sababu Abnegation walikuwa na habari fulani kubwa. Habari gani? Marcus hasemi. Tris anauliza, Marcus hasemi. Jeanine anajua, hasemi. Siri inafunguliwa katika sura ya mwisho kabisa. Taharuki ya kweli huzaliwa pale msomaji anapokuwa na vipande na hajui jinsi ya kuviunga. Hapa hatuna vipande, tuna mtu mwenye jibu aliyefunga mdomo. Na kwa kuwa sababu ya kimya chake haina uzito unaolingana na urefu wake, tunaanza kuuona mkono wa mwandishi nyuma ya mdomo wa Marcus.

Nisiwe dhalimu kwa kitabu. Sehemu ya pili ina kipande kinachonifanya niamini kwamba Roth alijua vizuri alichokuwa anakiandika. Jeanine anatumia njozi za dawa kuwasukuma watu wajitupe kutoka juu ya jengo, na anadai Divergent mmoja, yaani mtu mwenye akili kama ya Tris, ajisalimishe, la sivyo vifo vitaendelea. Tobias anamsihi Tris asiende, naye anakwenda. Anauita uamuzi huo kujitolea, kama alivyofundishwa na wazazi wake wa Abnegation. Akiwa mfungwa, akichunguzwa ubongo, akisubiri kuuawa, anatambua kwamba hakuwa anajitolea. Alikuwa anatafuta kufa, na sasa anataka kuishi. Huu ndio uchunguzi wa kina zaidi wa msiba katika vitabu vyote vitatu, na haukutokea humo ndani ya chumba kwa bahati. Ni kwa sababu Tris amefungiwa. Kwa mara ya kwanza tangu ukurasa wa kwanza, msimulizi hana pa kwenda. Sentensi zinarefuka, mazungumzo yanakuwa na vituo, na hata usaliti wa Caleb, kaka yake, unapata muda wa kuuma, ingawa ulipaswa kuandaliwa mapema zaidi, kwa kuwa Caleb alikuwa ametoweka machoni petu kwa sehemu kubwa ya kitabu.

Anayemtoa humo ni Peter, adui yake wa tangu mafunzo, na sababu yake ni moja: Tris alimwokoa zamani, naye hapendi kudaiwa. Hakuna toba wala mapenzi. Napenda sana uokoaji huu. Ni tukio linalozaliwa na tukio, na tabia ya mtu ndiyo inayolizaa. Kurasa kama hizi ndizo zinazonifanya niudai ule mwendo uliobaki.

Sura ya mwisho inatuonyesha video iliyofichwa. Mwanamke anaeleza kwamba nje ya uzio kuna ulimwengu ulioharibika, na kwamba jiji lilifungwa ili watu wa aina ya Tris wazaliwe humo na siku moja watoke kusaidia. Anasema naye ataingia jijini na kusahau yote, na jina lake jipya litakuwa Edith Prior. Jina la ukoo la Tris. Wengi wanakumbuka mshtuko wa mwisho huo. Mimi ninaona pale umbo ambalo kitabu kilikuwa nalo mkononi: kinafunguliwa na jina ambalo Tris hawezi kulisahau, na kinafungwa na jina la bibi yake wa kale aliyechagua kusahau. Kusahau na kukumbuka, msichana mmoja na mzizi wa ukoo wake. Lakini kati ya majina hayo mawili hakuna daraja. Katika sura 45 zilizo katikati, suala la kusahau halijengwi, na dawa ya amani iliyomfutia Tris huzuni kwa saa chache haikumbukwi tena kuhusiana nalo. Kwa hiyo jina la Edith linatua kama habari, si kama jibu.

Filamu ya 2015, iliyoongozwa na Robert Schwentke, inatoa ushahidi wa kando. Watengenezaji walibuni sanduku lisilomo katika riwaya, linalofunguka tu kwa mtu atakayeshinda njozi za makundi yote matano. Filamu yenyewe siitetei, lakini walioitengeneza waliona pengo. Msuko ulikosa kitu kimoja cha kuushikilia, wakatafuta chombo cha kulijaza pengo hilo. Sanduku lao limefunga siri na kuhesabu hatua, yaani wamerudisha ule ubao wa matokeo wa Divergent kwa sura nyingine. Wametibu mwendo, na msiba umebaki palepale bila makazi.

Katika vita ya mwisho Lynn anakufa. Alikuwa binti mkali, mwenye maneno machache, asiyependa kuonekana na udhaifu. Karibu na kukata roho anamwambia Uriah, mwenzake wa Dauntless aliyempenda Marlene, kwamba naye alimpenda Marlene, na hakumaanisha urafiki. Marlene alishakufa, alianguka kutoka kwenye lile jengo. Kumbe tangu hapo binti huyu alikuwa akiomboleza pembeni mwa msimulizi aliyekuwa naye akiomboleza, na hawakuwahi kukaa chini pamoja wakazungumza. Roth anaipa kauli hiyo mistari michache, kisha mapigano yanaendelea. Ningetoa nusu ya mashambulizi ya kitabu hiki ili Lynn na Tris wapewe sura moja, chumba kimoja, na usiku mmoja ambao hakuna mtu anayevunja mlango.